Matonge Manne

Hapa kwetu Chang'ombe, Dodoma, mtoto wa miaka mitatu akikataa uji, nyumba nzima inamwimbia. Mama anapiga makofi, shangazi anacheza, baba mtu mzima na ndevu zake anajifanya jogoo. Mtoto mwenyewe kafunga mdomo, anatutazama mmoja mmoja kama hakimu. Mimi huwa naondoka. Nachukua kigoda changu nakwenda kukaa nje, nao wanasema bibi ana hasira za uzee. Hasira ninazo, sikatai, nimezaliwa nazo. Lakini hapo siondoki kwa hasira. Naondoka kwa sababu siwezi kumtazama mtoto mdogo akilishwa mpaka mwisho.

Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na mvi, kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu wetu, kijana mpole, alituambia kila mmoja aandike jambo analolijua vizuri. Wenzangu waliandika habari za kuku na karanga. Mimi nilirudisha daftari tupu, akadhani sijaelewa. Nilielewa sana. Leo ndiyo nalijaza.

Wakati ninaousimulia ni ule wa mwisho mwisho wa Wadachi, walipokuwa wanapigana na Waingereza na sisi hatujui wanagombania nini. Nilikuwa nimeolewa kwenye tembe moja katika njia iendayo Mtera, mwendo wa nusu siku kutoka stesheni ya Dodoma. Mume wangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Walimkuta anakamua, wakamwambia weka kibuyu chini, twende. Akaweka kibuyu chini, akaenda. Hakurudi, na mpaka leo sijui alilala wapi.

Tukabaki tembeni watu sita. Mimi, mwanangu wa kiume aliyekuwa anakaribia miaka minne, mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, na watoto watatu wa wifi yangu. Wifi alikuwa amefariki kwa uzazi mwaka uliotangulia, na baba wa watoto alichukuliwa msafara mmoja na mume wangu. Basi wale watatu waliletwa kwa bibi yao. Mkubwa alikuwa msichana wa miaka kama mitano, anayefuata mvulana wa rika la mwanangu, na wa mwisho kitoto cha kike ambacho hata hakijatimiza miaka miwili.

Mavyaa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Ukimwamkia anaitikia, ukimuuliza anakutazama kwanza, na mara nyingi jibu lilikuwa huko kutazama kwenyewe. Mimi nimetoka kwenye nyumba ya kelele. Kwetu hata chumvi ikizidi tunaijadili mpaka jua linazama. Siku nilipoingia kwake nikaona nimeozwa kwa jiwe.

Na nieleze jambo moja hapa, maana bila hilo hakuna atakayenielewa. Kwetu mtoto akiachishwa ziwa anahamia kwa bibi yake. Analala na bibi, anakula na bibi, yeye na wadogo wenzake wote wa tembe, kwenye chano kimoja. Na mkwe ukishamkabidhi mtoto, tumbo la mtoto si mambo yako tena. Kusimama juu ya chungu cha mavyaa wako na kuuliza umempa nini, umempa kiasi gani, ni sawa na kumwita mwizi. Au mchawi. Mkwe mwenye adabu anachota maji, anatafuta kuni, anasaga, na macho yake anayatia mfukoni.

Adabu hiyo nilikuwa nayo wakati wa shibe. Nani hana adabu wakati wa shibe?

Mvua zilitupa kisogo mwaka ule. Uwele ulitoka mfupi, mtama ulitoa masuke matupu, na hicho kidogo tulichovuna wakakifuata. Walikuja askari watatu na jumbe wetu akiwatangulia, uso chini, mtu wa kwetu kabisa aliyecheza ngoma kwenye harusi yangu. Walipanda mpaka juu ya paa la udongo. Walipiga kuta kwa vitako vya bunduki kusikia kama ndani kuna uwazi. Ng'ombe wote wakaswagwa, akaachwa ndama mmoja anayechechemea, naye tukamla wiki ile ile kabla njaa haijammaliza. Jumbe alipokuwa anatoka akamwambia mavyaa, "Mama, nisamehe, na mimi nimeamrishwa." Mavyaa akamtazama tu. Afadhali angemtukana.

Lakini hawakukipata kilindo kidogo cha uwele, chombo cha gome la mti, ambacho mavyaa alikuwa amekifukia chini ya zizi la ndama, ndani ya samadi kavu. Hata mimi sikukijua. Nilikijua siku ya tatu, alipokifukua akakipangusa kwa kanga yake mbovu, akaniwekea konzi tatu kwenye jiwe la kusagia, akasema, "Hizi ni za watoto." Unga ule ulinuka samadi mpaka mwisho wake. Nasema ulinuka, lakini mate yalinijaa mdomoni.

Kuanzia siku hiyo mavyaa akaanza utaratibu wake, na hakuuvunja hata siku moja. Watoto walikula mara nne kwa siku. Mara ya kwanza jua linapochomoza, mara ya pili likifika usawa wa mabega, mara ya tatu jua la utosini, mara ya nne kabla halijazama. Asubuhi uji mwepesi wa uwele, umetiwa unga wa ubuyu ukawa mchachu kidogo. Mara nyingine zote tonge moja. Tonge, jamani, si ugali. Alilifinyanga yeye mwenyewe kwenye kiganja, yote sawasawa, akalichovya kwenye mlenda wa majani makavu, akamwekea kila mtoto mbele yake. Kabla ya hapo lazima wanawe, hata kama maji ni ya kulowesha ncha za vidole. Wanakaa duara. Mdogo kuliko wote anaanza. Wanatafuna, wanatafuna, mpaka bibi aseme meza. Hakuna kuinuka mpaka wa mwisho amemaliza, na wakimaliza wanalala kivulini, hakuna kukimbizana. Mtu haruhusiwi kula peke yake, hata tunda la mwituni akiliokota analileta kwenye duara. Yule msichana mkubwa siku moja aliokota furu mbili njiani akazimeza, bibi akamjua kwa rangi ya ulimi. Hakumpiga. Alimwambia akae nje ya duara mara ile moja, aangalie. Mtoto alilia kilio ambacho fimbo isingemliza.

Mimi na mavyaa tulikula mara moja, jioni, mizizi ya mwituni tuliyoichemsha na kumwaga maji na kuchemsha tena mpaka uchungu upungue. Na makoko ya chungu cha watoto tuliachiana kwa zamu, leo wewe kesho mimi. Siku yake ikifika mara nyingi alimpa kile kitoto cha mwisho. Nililiona hilo nikalitia moyoni, lakini upande mbaya wa moyo. Nikasema, ehe, kumbe mjukuu wa binti ndiye mjukuu.

Mwanangu alikuwa mzito wa kula tangu zamani. Tonge analiweka shavuni, analilaza huko, anatazama mbuzi, anatazama wingu, wenzake wamemaliza yeye bado. Baba yake alikuwa akimwita mzee wa baraza. Wakati wa shibe tulicheka. Sasa kila nikimwona shavu limevimba na wenzake wanamkodolea macho roho yangu ilikuwa inapanda juu, naona kama watamtoa tonge mdomoni. Hawakuthubutu, kwa sababu bibi alikuwa amekaa pale. Lakini hilo sikulihesabu. Mtu mwenye njaa anahesabu anachonyimwa tu.

Kila asubuhi kabla ya uji mavyaa aliwapanga watoto ukutani akawabonyeza miguu kwa kidole gumba, hapo juu ya kifundo. Anabonyeza, anaachia, anatazama. Nilidhani ni mambo yake ya dawa za kizee. Asubuhi moja alipombonyeza mwanangu kidole kilipoondoka kikaacha shimo. Shimo halikujaa. Alibonyeza mguu wa pili, vilevile. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtungi kichwani, nikaona. Nikamwona pia yeye akimshika mtoto kidevu na kumtazama machoni kwa muda mrefu, halafu akainuka.

Siku hiyo jua lilipofika mabegani watoto watatu walipata matonge. Mwanangu alipata uji. Uji mwepesi, unaona chini ya kata. Saa sita vilevile. Jioni vilevile. Ni kweli alipewa mara nyingi kuliko wenzake, katikati ya mlo na mlo bibi alimwita akamnywesha tena mafunda mawili matatu, uji uleule na ubuyu uleule na chembe ya chumvi. Lakini mimi macho yangu yaliona nini? Yaliona watoto wa wifi wanatafuna ugali na mwanangu, mtoto wa mwenye nyumba, anakunywa maji meupe.

Nilivumilia siku nne. Kwa mtu wa namna yangu siku nne ni mwaka. Siku ya tano nikaweka mtungi chini nikasema, "Mama, mwanangu amekosa nini?"

Akanitazama. "Anakula kinachomfaa."

"Wenzake wanakula ugali."

"Chota maji, mkwe wangu. Jua linapanda."

Hapo damu ikanichemka. Nikasema neno ambalo ningekuwa na uwezo ningelirudisha nikalimeza na mawe. Nikasema, "Kwa hiyo mtoto wa binti yako ndiye damu, na wa mwanao ni maji? Mwanao angekuwepo ungethubutu?"

Alikuwa anakwangua chungu. Mkono ulisimama. Midomo yake ikatikisika, nikajua sasa atasema, na moyoni nilitaka aseme, nilitaka ugomvi, nyumba ile ilikuwa kimya mno. Aliendelea kukwangua, akamwekea kitoto cha mwisho makoko kidogo kwenye kidole. Nami nikachota maji huku nalia kwa hasira njia nzima.

Siku chache baadaye alipita mama mmoja wa Kirangi, yeye na mumewe, wametoka huko Kondoa na mzigo wa tumbaku, wanakwenda kutafuta pa kuibadilisha na chakula. Waliomba maji. Huyo mama ndiye aliyeniambia kwamba kwenye kambi ya askari karibu na stesheni wanatafuta wanawake wa kusaga, na msagaji harudi mikono mitupu. Akaniambia, "Dada, mimi ningekuwa na mgongo wako ningekwenda leo." Nikaenda. Nilimwambia mavyaa nakwenda kutafuta chakula, akasema, "Nenda salama. Ukipata, kilete kwangu." Kilete kwangu! Nilicheka kwa ndani. Nikasema moyoni, utakisubiri.

Nilisaga siku tatu. Tulikuwa wanawake wengi, kila mmoja na jiwe lake, na askari aliyetusimamia alipita nyuma yetu anatazama midomo kama inatafuna. Alikamata mmoja na unga kwenye ufizi, akampiga kofi la masikio. Nafaka yote ile ilikuwa yetu, wallahi, mtama wa Wagogo watupu, ulitoka vilindoni mwetu, na sisi tunausagia watu wengine. Siku ya tatu nikapewa unga wa kujaza kibuyu, na maharage konzi mbili. Mke wa askari mmoja, Mnyamwezi mwenye huruma, aliponiona nazifunga akanitilia kipande cha nyama kavu yenye mafuta. Akauliza, "Una mtoto?" Nikasema ninaye. Akasema, "Mshibishe." Neno lile nilitembea nalo nusu siku nzima.

Nilifika nyumbani jua limepita utosini. Nilivificha vitu vyangu kwenye kichaka nikaingia mikono mitupu. Watoto walikuwa kivulini wamelala baada ya kula, kama kawaida. Nikamtazama mwanangu. Lo! Miguu ilikuwa imekonda. Siku naondoka miguu ilikuwa minene, inang'aa. Sasa ngozi ilikuwa imelegea, mifupa ya muundi imetoka, uso uliokuwa wa mviringo umekuwa wa mzee. Nikajisemea, siku tatu tu nimegeuka, amemmaliza.

Leo najua. Mkunga mmoja wa zahanati alinieleza nikiwa tayari bibi, bila kujua ananieleza nini. Ule unene ulikuwa uvimbe wa njaa. Uvimbe ukishuka mtoto anaonekana amekonda, na hapo ndipo amepata nafuu. Mwanangu alikuwa anapona. Uji ule mwepesi wa mara saba mara nane kwa siku ulikuwa unamrudisha pole pole, na mimi nilimtazama mtoto anayepona nikaona mtoto anayekufa.

Nikamwambia mavyaa nakwenda na mtoto korongoni kutafuta kuni. Akasema, "Mwache apumzike." Nikasema, "Ni mwanangu." Nikambeba.

Korongo lilikuwa kavu, kuna mahali kingo zake zinaficha moshi. Nilikuwa nimekwishalowesha maharage njiani kwenye kibuyu cha maji ili yaive upesi. Nikachemsha, nikatia nyama na yale mafuta yake, nikasonga ugali mgumu, wa kusimama, ugali wa wanaume wanaokwenda kulima. Harufu yake, nyie! Mwanangu alikaa anatazama chungu, pua inacheza.

Nilipompakulia hakugusa. Alinawa vidole kwenye kimaji nilichokuwa nacho, akakaa vizuri, akasubiri. Kisha akasema, "Mama, tuwaite wenzangu."

"Watakula chao."

"Bibi kasema mtu hali peke yake."

"Bibi hayupo hapa. Kula, baba."

Akanitazama, akatazama njia ya nyumbani. Nikafinyanga tonge nikamtia mdomoni mimi mwenyewe. Nalo akaliweka shavuni kama kawaida yake. Nikamwambia, meza, meza upesi, wewe ndiye mzee wa baraza, wazee wanakula bwana. Akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi. Basi na mimi nikacheka, nikamtia jingine na jingine, na mchuzi, na nyama nimemtafunia. Mwanzo alikula pole pole, halafu njaa ikaamka akala kwa mikono miwili. Mimi nililamba kijiti cha kusongea tu, sikutaka kumpunguzia. Tumbo lilitoka kama ngoma. Akaegemea mguu wangu akasema, "Nimeshiba." Sikumbuki lini nilikuwa nimelisikia neno hilo mara ya mwisho. Nikamkumbatia nikasema moyoni, tazama, mavyaa, tazama kazi ya mama.

Tulifika nyumbani watoto wananawa kwa mlo wa jioni. Mwanangu hakuingia kwenye duara. Alikwenda akalala ukutani, anatoka jasho, na hakukuwa na joto. Mavyaa alimfuata, akaweka kiganja kifuani pake, akakiacha hapo. Halafu akanigeukia.

"Umempa nini?"

"Sijampa kitu."

"Mwanangu, umempa nini?"

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nami nikasema tena, kwa kiburi, kwa sababu nilishaanza kuogopa, "Nimesema sijampa kitu. Nitampa nini mimi, kuna chakula nchi hii?"

Aliinama akanusa mdomo wa mtoto. Basi akajua. Hakunishtaki. Akaanza kumpa maji ya ubuyu kwa ncha ya kidole, tone, tone, mtoto anatapika, anampa tena. Asubuhi uso wa mwanangu ulikuwa umevimba upya, miguu imejaa, pumzi fupi fupi. Nikamwekea mkono moyoni nikasikia unavyokwenda mbio, unasimama kidogo, unakwenda mbio. Nikapiga magoti nikamwambia mavyaa yote, korongo, ugali, nyama, mafuta. Nilisema kwa sauti kubwa kama mtu anayeita watu. Alitikisa kichwa tu kuonyesha amesikia, akaendelea na tone lake.

Jua la utosini lilifika. Wale watatu walikuwa wameshanawa, wamekaa duara, wanangoja, na yule mvulana wa rika lake akasogea kuacha nafasi. Mwanangu alikuwa kwenye mapaja yangu. Alifungua macho akatazama upande wa duara. Kisha akaacha kupumua, bila kelele yoyote, nami nikaendelea kumpepea kwa muda kabla sijajua.

Mavyaa alimfumba macho. Akanawa mikono yake. Akaenda akawapa watoto matonge yao, maana wakati wao ulikuwa umefika, nami nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilimrukia. Ndiyo, nilimrukia mavyaa wangu, nikampiga ngumi mgongoni, na watoto wanatafuna huku wanalia, kwa sababu hajasema meza na hajasema acheni. Aliniacha nimpige mpaka mikono yangu ikachoka. Ndipo akawaambia wamalize, tukaenda kuchimba.

Kilichobaki cha unga wa kambini na maharage nilimpa yeye siku ile ile. Alikitia kwenye hesabu yake ya chembe chembe kikafika mbali. Wale watoto watatu waliishi wote mpaka mvua, mpaka mavuno, mpaka Wadachi wakaondoka. Wamezeeka, wengine wana wajukuu huko mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Wananiita mama, nami naitika.

Asubuhi baada ya maziko nilikuwa nimekaa ukutani pale alipolala mwanangu, sikuwa nimekula wala kunywa. Jua lilipofika mabegani niliwasikia wananawa. Yule msichana mkubwa akasema, "Bibi, umefinyanga manne."

"Najua."

Mavyaa akaja na tonge mkononi. Akachuchumaa mbele yangu, yeye aliyekuwa hachuchumai mbele ya mkwe. Akasema kwa sauti ndogo ili watoto wasisikie, "Wangu walikuwa wawili, kabla ya mume wako na wifi yako. Njaa ya ujana wangu. Baba yao akarudi na mbuzi, nikawapikia, nikawashibisha kwa mkono huu. Wakaenda siku moja, mmoja asubuhi, mmoja jioni."

Nikasema, "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Alikaa akitazama lile tonge. "Niliogopa kulitaja," akasema. "Nilidhani nikilitaja ndani ya nyumba yenye watoto, nitaliita." Halafu akasema, "Na uliponiambia lile neno la damu, nikaona bora nivimbe kuliko nikueleze. Na mimi nina hasira, mwanangu. Tumemuua sote wawili, mimi na wewe."

Akanishika mkono akalitia kiganjani. Lilikuwa bado la moto, limechovywa mlenda, dogo kama yalivyokuwa yote. "Kula."

Nikatikisa kichwa.

"Ni la kwake, na leo hakuna wa kulila. Kula."

Nilikusudia kulitupa. Haki ya Mungu nilikusudia. Mkono ukalipeleka mdomoni wenyewe, nikatafuna, nikameza tonge la mwanangu, likashuka likanipa nguvu. Nami, Mungu anisamehe, nilitaka jingine.